Kasri la Kiangazi la Fulham na Lango Lililoachwa Wazi

Mama yangu alipokuja London kunitembelea, siku ya tatu nilimchukua kwa treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha Putney Bridge, tukatembea polepole kando ya mto Thames, kwa kuwa magoti yake hayataki haraka, mpaka tukafika kwenye lango la Fulham Palace, jumba la kale la maaskofu wa London. Hapo akasimama. Alitazama nguzo za lango, akatazama matofali mekundu yaliyoonekana kwa mbali nyuma ya miti, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefika barazani kwa watu: "Mwanangu, Baba Askofu mwenyewe yupo? Tutamwambia tumekuja kufanya nini?"

Nilimweleza kwamba hakuna askofu aliyeishi hapa tangu mwaka 1973, kwamba hatudaiwi kiingilio, na kwamba hatuhitaji kumweleza mtu yeyote shida iliyotuleta. Hakuniamini mara moja. Mama ni Mwanglikana wa Muheza, amekulia chini ya kengele ya misheni ya Magila Msalabani, na kwake nyumba ya askofu ni mahali pa kubisha hodi, kungoja kwenye kibao cha nje, na kusema haja yako kwa ufupi kabla ya kuondoka. Swali lake lilinikaa moyoni kwa wiki kadhaa, kwa sababu kwa zaidi ya miaka 1,200 mtu yeyote wa kawaida aliyefika kwenye lango lile alipaswa kuwa na jibu lake.

Ardhi ya Fulham iliingia mikononi mwa maaskofu wa London kiasi cha mwaka 704, Askofu Waldhere alipoipata kutoka kwa Askofu Tyrhtel wa Hereford. Makao ya kazi ya askofu yalikuwa mjini, karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, na Fulham palikuwa pa kwenda wakati wa kiangazi. Neno kiangazi kwetu huleta picha ya vumbi, visima vilivyopungua maji na ng'ombe waliokonda, lakini kwa Mwingereza wa zamani ndio ulikuwa wakati wa matunda, majani mabichi na mchana mrefu, na kwa mkazi wa London ulikuwa pia wakati wa hatari, kwa kuwa joto liliamsha uvundo wa mifereji na tauni ilizoea kushamiri miezi hiyo. Aliyekuwa na uwezo aliondoka. Askofu alipanda mashua, akaupandisha mto kuelekea magharibi, akashukia kijijini palipokuwa na malisho, mabustani na hewa safi. Karne zilivyosonga nyumba ya kupumzikia ikageuka kuwa makao ya kudumu, na askofu wa mwisho kuishi humo, Robert Stopford, aliondoka alipostaafu mwaka 1973.

Kuzunguka makazi hayo palikuwa na handaki la maji lenye urefu wa karibu maili moja. Wataalamu husema halikuwa na mfano kwa ukubwa miongoni mwa nyumba za makazi Uingereza. Vyovyote iwavyo kuhusu sababu ya kulichimba, kwa karne nyingi handaki hilo lilikuwa mpaka: ndani yake ekari 36 za askofu na watu wake, nje yake kijiji cha Fulham. Siku hizi ukivuka daraja la kuingilia unaweza kuona sehemu ndogo ya bonde lake, pakavu, majani yameota. Mama aliinama kwenye ukingo wa daraja akaliangalia kwa muda mrefu.

Ukipita chini ya tao unaingia ua wa mraba wa enzi za Tudor, ukoo uliotawala Uingereza mwishoni mwa karne ya 15 na katika karne ya 16, na ua huo ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote. Matofali yake ni mekundu, lakini waashi walichagua yale yaliyoungua zaidi tanurini, yakawa na weusi unaong'aa kidogo, wakayapanga ukutani kwa michoro ya msharazi inayokutana na kufanya umbo la almasi, moja baada ya jingine, kuta zote. Michoro hiyo haikunyooka sawasawa. Mahali pengine mstari unakatika kwa sababu dirisha lilitobolewa baadaye, mahali pengine fundi alikosea hesabu ya tofali moja na kosa lake likaendelea mpaka juu. Milango mikubwa ya mbao ya lango la ua ni ya mwaloni uliokatwa mwishoni mwa karne ya 15. Waliochunguza pete za ukuaji wa miti hiyo waliupata mwaka 1495. Mama aliweka kiganja chake juu ya ubao akakiacha hapo. Ubao ni wa kijivu, umepasuka kwa urefu, na kwenye nyufa kuna vumbi gumu kama udongo. "Huu si mti tena," akasema, "umekuwa jiwe."

Upande wa ndani wa ua uko Ukumbi Mkuu, ambao pia ni wa mwaka 1495. Watu hufunga ndoa humo siku hizi, na nimewahi kuwaona maharusi wakipigwa picha kando ya chemchemi ya katikati ya ua, mvua ikinyunya na mtu amewashikia mwavuli. Lakini ukumbi huo una mambo mazito. Katika utawala wa Malkia Mary, aliyekuwa Mkatoliki, Askofu Edmund Bonner alimhoji hapa Fulham mfumaji mmoja aitwaye Thomas Tomkins, aliyekuwa Mprotestanti, na habari zilizoandikwa katika karne hiyo hiyo zinasema askofu aliushika mkono wake juu ya mwali wa mshumaa ili aonje moto unaomngoja. Tomkins hakukana imani yake. Alichomwa moto Smithfield, hapa London, mwezi Machi mwaka 1555. Kabla ya hapo alikuwa amefanyizwa kazi ya kukata nyasi kwenye mashamba ya askofu huyo huyo. Ninaposikia watu wakiliita jumba hili mahali pa utulivu, huwakubalia, kwa sababu leo ni hivyo kweli, ila simsahau Tomkins na nyasi zake.

Sifa kubwa ya Fulham, hata hivyo, ni bustani. Askofu Edmund Grindal, aliyeshika kiti mwaka 1559, alikuwa akimpelekea Malkia Elizabeth wa Kwanza zabibu za hapa. Aliyeifanya bustani ijulikane Ulaya nzima ni Henry Compton, askofu kuanzia mwaka 1675 hadi kifo chake mwaka 1713. Compton aligombana na Mfalme James wa Pili, aliyekuwa Mkatoliki, kwa kuwa alikataa kumnyamazisha kasisi aliyehubiri dhidi ya Ukatoliki, na mwaka 1686 mfalme akamsimamisha kazi. Mtu mwingine angekaa akinung'unika. Compton alikwenda bustanini. Baadaye alikuwa miongoni mwa wale saba waliomwalika William wa Orange kutoka Uholanzi kuja kuutwaa ufalme, na ndiye aliyemvika taji mwaka 1689, lakini miti aliyoipanda imemletea heshima ambayo siasa haikumletea.

Aliipataje miti hiyo? Hapa inafaa nikae kidogo, kwa sababu wageni wengi hulipita jambo hili wakielekea kwenye maua. Askofu wa London ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya kanisa la makoloni ya Uingereza ng'ambo ya bahari, hivyo makasisi waliotumwa Amerika walikuwa watu wake. Mmoja wao, John Banister, alikwenda Virginia akiwa kasisi na mtaalamu wa mimea kwa pamoja, akawa anatuma mbegu, michoro na miche, na miongoni mwa hiyo ulikuwamo mmagnolia wa Virginia, wa kwanza wa aina yake kupandwa Ulaya. Ulipandwa hapa. Banister hakurudi kuuona. Alikufa kwa kupigwa risasi kwa bahati mbaya mwaka 1692 akiwa safarini kukusanya mimea. Compton alikuwa na zaidi ya aina elfu moja za mimea ya kigeni, nyingine akizilinda na baridi kwenye vibanda vyenye moto. Kila mche ulifika kwa njia ile ile waliyopita wafanyabiashara, walowezi na watumwa. Bustani hii ilikua kwa sababu himaya ilikua, na sidhani mtu anaweza kuipenda kwa ukweli bila kulijua hilo.

Kuna mti mmoja unaosemekana kuwa na umri wa karibu miaka 500, mwaloni wa aina isiyopukutisha majani, wenye mashina kadhaa mazito yaliyoinama kila upande. Sura yake hunikumbusha mikuyu ya kwetu ambayo wazee hukataza isikatwe. Mama aliuzunguka mara mbili. Hakuuliza jina lake la Kiingereza. Aliniuliza kama kuna mtu anayeutambikia.

Nilianza kufika hapa kabla ya mama kuja, katika majira ya baridi ambayo nilikuwa sina kazi. Ofisi niliyokuwa nikifanyia ilikuwa imepunguza watu, chumba nilichopanga kilikuwa na unyevu ukutani, na nilikuwa nimechoka kukaa ndani nikihesabu fedha. London ina majumba mengi ya kale, lakini kwenye mengi kati ya hayo kiingilio chake kilikuwa sawa na chakula changu cha siku mbili tatu. Rafiki mmoja Mkenya, aliyekuwa akiishi Fulham, aliniambia: "Nenda kwa askofu, hawalipishi." Nilikwenda nikidhani ni kanisa la kugawa chakula. Nilikuta nyumba yenye joto, chumba cha makumbusho nilichoweza kukizunguka kwa saa nzima bila kuulizwa, na bustani yenye mabenchi. Nikarudi siku iliyofuata. Mtu ambaye hajawahi kukosa mahali pa kukaa mchana kutwa pasipo kununua kitu hawezi kuelewa thamani ya benchi la namna hiyo.

Kwa hiyo nilianza kujiuliza: imewezekanaje nyumba iliyozungushiwa handaki ikafika mahali pa kumpokea mtu kama mimi? Nilidhani nitakuta siku moja, uamuzi mmoja, askofu mmoja mwema. Sivyo ilivyokuwa. Nyumba hii ilifunguka kidogokidogo, kipande baada ya kipande, na vipande vya mwanzo vilifunguka wakati maaskofu bado wamo. Mwaka 1893 ukanda wa ardhi yake kando ya mto ulifunguliwa kuwa bustani ya umma, Bishops Park, na ndio tulipopita mimi na mama. Siku za mechi umati wa mashabiki wa timu ya Fulham huufuata kwenda uwanja wa Craven Cottage ulioko mwisho wake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, chakula kilipopungua, malisho ya askofu yalikatwa vijishamba vya kulima mboga, na majeruhi wa vita wakalazwa jumbani. Kati ya mwaka 1921 na 1924, enzi za Askofu Winnington-Ingram, handaki likajazwa kifusi. Wanaakiolojia wana sababu ya kulisikitikia handaki hilo, nami nawaelewa, lakini siwezi kujizuia kufurahi kila ninapokanyaga mahali lilipokuwa na kuona watoto wanaendesha baiskeli juu yake.

Stopford alipoondoka mwaka 1973, kanisa lilibaki na nyumba kubwa isiyo na mkaaji, yenye paa za enzi tofauti zilizovuja kwa namna tofauti. Mwaka 1975 halmashauri ya mtaa wa Hammersmith, ambao leo huitwa Hammersmith na Fulham, ikaichukua kwa mkataba wa muda mrefu. Ardhi bado ni ya kanisa. Miaka iliyofuata haikuwa ya fahari; makumbusho yalifunguliwa mwaka 1992, lakini sehemu kubwa ya jumba ilingoja. Ukarabati ulikwenda kwa awamu, fedha nyingi zikitoka kwenye mapato ya bahati nasibu ya taifa, ambayo Uingereza hutenga sehemu yake kwa ajili ya urithi wa kale. Mwaka 2011 taasisi ya hisani inayoitwa Fulham Palace Trust ilishika usimamizi, na mwezi Mei mwaka 2019, baada ya kazi iliyogharimu pauni milioni 3.8, vyumba vya kihistoria na makumbusho mapya vikafunguliwa kwa wote.

Makumbusho hayo si makubwa na sitayaeleza yote. Kuna vitu vilivyochimbuliwa kiwanjani, vingine vya kabla ya Warumi, kuna nguo za kiaskofu, na kuna panya aliyekauka kama samaki wa chumvi, aliyekutwa ndani ya jengo, ambaye watoto wa shule humkimbilia kwanza kabla ya kitu chochote.

Jambo lililonifanya niiheshimu taasisi hii ni namna inavyomshughulikia Askofu Beilby Porteus, aliyeshika kiti cha London kuanzia mwaka 1787 hadi 1809. Ingekuwa rahisi kumweka kwenye ukuta wa sifa. Mwaka 1783, akiwa bado Askofu wa Chester, alihubiri mbele ya shirika la kanisa la kueneza Injili, shirika ambalo lenyewe lilimiliki mashamba ya miwa ya Codrington huko Barbados pamoja na watumwa wake, na akalikemea usoni kwa jinsi lilivyowatendea watu hao. Watumwa wa Codrington walikuwa wamewahi kupigwa chapa ya moto kifuani, neno SOCIETY, yaani "Shirika". Porteus aliendelea kuipinga biashara ya watumwa ndani ya Bunge mpaka ilipopigwa marufuku mwaka 1807.

Lakini mwaka huo huo wa 1807, jumuiya aliyoianzisha kwa ajili ya kuwafundisha dini watumwa wa visiwa vya Karibi ilichapishiwa Biblia maalumu ya watumwa hao. Ilikuwa na vipande vilivyochaguliwa. Habari ya Yusufu kuuzwa utumwani imo. Habari ya Musa kuwatoa wana wa Israeli Misri haimo. Sehemu kubwa sana ya Agano la Kale iliondolewa, na mstari wa Wagalatia usemao hapana mtumwa wala huru uliondolewa pia. Aliyeipinga biashara aliona bado inafaa kumsomesha mtumwa Biblia isiyo na mlango wa kutokea. Na familia yake mwenyewe ilitoka Virginia, ilikokuwa na mashamba na watumwa. Wasimamizi wa Fulham wamefanya uchunguzi juu ya uhusiano wa maaskofu wa London na utumwa na kuwaeleza wageni wao mambo hayo bila kuyapunguza.

Nilimsimulia mama habari hii tukiwa tumekaa kwenye mgahawa, katika kilichokuwa chumba cha kupokelea wageni wa askofu, dari ndefu na madirisha makubwa yanayotazama uwanja wa majani. Alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili. Sisi wa iliyokuwa Dayosisi ya Zanzibar na Tanga si wageni wa jambo hili. Kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, lilijengwa juu ya uwanja wa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na wenyeji hueleza kwamba madhabahu yake iko mahali uliposimama mti wa kuchapia. Mama amepiga magoti pale. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hicho kitabu cha Kutoka, walikitoa kizima?" Nikamjibu kwamba Amri Kumi ziliachwa. Akatikisa kichwa: "Amri waliachiwa. Safari wakanyimwa." Meza ya jirani mama mmoja kijana alikuwa akisukuma kigari cha mtoto kwa mguu ili mtoto asiamke, na mzee mmoja alikuwa amesinzia juu ya gazeti lake, na nikafikiri kwamba kama kuna namna ya haki ya kukaa kwenye chumba kile, basi ni hii: mlango wazi kwa kila mtu na habari zake zote zikisemwa.

Kuna watu wanaolalamika kuhusu harusi na mikutano, wakisema nyumba ya kihistoria haifai kukodishwa. Sikubaliani nao. Paa hilo haliachi kuvuja kwa sababu historia ni tukufu. Ukumbi unapokodishwa Jumamosi, mtoto wa shule na mstaafu huingia bure Jumatatu, na mwanagenzi wa bustani hupata mahali pa kujifunzia kazi. Kinachonitia wasiwasi ni kingine: mpango wa namna hii hutegemea ruzuku, wapangaji, bahati nasibu na mikono mingi ya watu wa kujitolea, na kimoja kikilegea huwa rahisi kuanza kwa kufunga vyumba visivyoingiza fedha, ambavyo mara nyingi ndivyo maskini huvitumia. Natamani wanaopanga bajeti walione hilo mapema.

Ninayaandika haya nikiwa na nyumba nyingine kichwani. Utotoni, tulipokuwa tukienda Pangani kwa ndugu wa baba, tulipita mbele ya nyumba kubwa ya mawe kando ya mto, yenye baraza pana na mlango wa nakshi uliofungwa kwa mnyororo. Watu wazima walisema inahifadhiwa. Kila mwaka nakshi ilipungua na mkuyu ulioota ukutani ukaongezeka, na mlinzi aliyekaa barazani hakuwa na ufunguo. Hatukuwahi kuona ndani. Sidai kwamba Pangani ina pauni milioni 3.8, wala kwamba njia ya Fulham itatufaa jinsi ilivyo. Lakini vipande vya kwanza vya Fulham havikuhitaji fedha nyingi. Vilihitaji mtu akubali kwamba malisho yake yalimwe na majirani.

Vijishamba hivyo bado vipo, takriban 400, nyuma ya ukuta, kila kimoja na kibanda chake cha zana kilichopakwa rangi apendayo mwenyewe. Huwezi kuingia bila kualikwa, lakini uzio unaruhusu kutazama, na mama alitazama kwa jicho la mkulima. Alikosoa nafasi kati ya miche ya maharage. Alisifu mboji. Kisha akasimama ghafla na kunivuta mkono: kulikuwa na mboga ya maboga imetambaa mpaka kwenye uzio, majani mapana, machanga, yenye manyoya yake, na mwenye shamba, bibi mmoja mweusi aliyevaa buti za mpira, alikuwa akiyakata na kuyatupa kwenye rundo la mboji ili maboga yapate nguvu. Mama hakungoja nimtafsirie. Alinyoosha kidole kwenye majani, akagusa mdomo wake, akatikisa kichwa kwa huzuni. Yule bibi akacheka, akaja kwenye uzio, na nikawa mkalimani wa mazungumzo marefu juu ya kuondoa nyuzi za kwenye mashina kabla ya kupika. Tuliondoka na furushi limefungwa kwa gazeti.

Mwisho tulirudi kwenye bustani yenye ukuta, tukaingia kwa lango dogo la enzi za Tudor. Ndani kuna nyumba ya vioo ya mizabibu iliyofufuliwa, vitanda vya mboga, na toroli ambalo watu wa kujitolea huuzia mazao ya siku hiyo. Mama alinunua matango mawili na kulipa mwenyewe, sarafu moja moja. Nilimwonyesha kwenye tofali za zamani vidaka ambamo zamani waliweka mizinga ya nyuki iliyofumwa kwa majani makavu, ili ukuta uikinge na mvua na upepo. Alivitambua kabla sijamaliza kueleza, maana nyumba za mawe za pwani zina vidaka vyake ndani, vya kuwekea taa, msahafu au sahani za kauri. "Wao wameviweka nje," akasema, akaingiza mkono ndani ya kimoja mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akautoa ukiwa na utando wa buibui, na akaufuta kwenye khanga yake bila kujali.

Jua lilikuwa bado juu ingawa ilikuwa jioni. Tulitoka kupitia uani, tukapita tena ile milango ya mwaloni, na darajani tukamkuta mfanyakazi mmoja akiokota takataka. Mama alimwamkia kwa Kiswahili, yule kijana akaitika kwa tabasamu, kisha mama akanigeukia.

"Muulize kesho wanafungua saa ngapi."

Nilimwambia bustani hufunguliwa kukipambazuka.

"Basi," akasema, akiliweka sawa furushi la majani kwapani, "kesho tutakuja na chupa ya chai."